Swali la Ishirini na Mbili

Saa kumi alfajiri, Punta Arenas.
Upepo unagonga madirisha ya wodi
kama mgonjwa aliyesahauliwa kengele yake.
Ninapanda ngazi na kikasha cha barafu,
mirija thelathini na mmoja,
na karatasi zenye maswali ishirini na moja.

Masharti ni machache:
usivute sigara, usipige mswaki,
na nusu saa kabla ya kutoa mate, usinywe mate.
Nolfa anacheka, anakisogeza kibuyu chake mbali,
majani bado yanafuka mvuke,
anatema kwenye mrija kwa adabu, kaupa mgongo ukuta.

*Je, juma hili moyo wako ulikimbia
ilhali wewe umesimama?*
Wanajibu wakiwa wamesimama.
Eduvina ameuinua mguu mmoja,
anapandisha soksi ya kubana mishipa.
Anauliza: hofu na wasiwasi mnavitenganishaje
na vimelala tumbo moja?
Sina jibu. Nina visanduku vinne,
sifuri hadi tatu.

Kisha yeye. Nambari kumi na saba.
Rosamel Mansilla, miaka ishirini na sita ya zamu za usiku,
vidole vimepasuka kwa sabuni.
Sifuri, sifuri, sifuri,
ameshuka nazo hadi chini ya ukurasa
kama mtu anayefunga vifungo vya koti.
Nimempima shinikizo la damu: mia na sitini na nane
juu ya mia na nne.
Akautazama mkanda. Akasema mashine yenu imechoka.

Baada ya wiki mbili maabara ikaleta majibu.
Saa ile mwili wa binadamu unapopaswa
kuwa umezima taa zake zote,
mwili wa kumi na saba ulikuwa sokoni, mchana kweupe, unapiga kelele.
Mficha maradhi, wahenga walisema, kifo humuumbua.
Huyu ameumbuliwa na mate.

Msimamizi wangu aliandika pembeni kwa wino mwekundu:
*Takwimu inajipinga. Iondolewe.*
Nikaweka kidole juu ya kitufe.
Kidole kikakaa.

Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.
Na sisi, tunaotandika vitanda arobaini kwa usiku mmoja
bila kulalia hata kimoja, tunajua nini?
Tunajua kukunja pembe za shuka.
Tunajua taya inavyosaga gego gizani
hadi mwenye gego adhani ni panya.

Nilirudi kumwona. Nikamwekea fomu mpya mezani.
Hakuisoma. Aliigeuza, akachomoa kalamu sikioni
akaandika upande mtupu, kwa herufi za mtu aliyezoea chati:

*22. Je, mwaka huu kuna mtu aliyekushikia zamu
ukaenda kulala?*

Akaijibu mwenyewe. Sifuri.

Katika mji huu, upepo ukichachamaa,
hufungwa kamba pembeni mwa barabara
watu washike wavuke.
Hakuna anayekuuliza unauogopa upepo kwa kiasi gani,
kidogo, wastani, sana.
Kamba ipo. Unashika.

Miaka mitatu nimepima upepo.

Usiku ule nilikiacha kikasha chini ya ngazi.
Nilivaa sare yangu ya zamani, ilinibana kiunoni,
nikamwambia chumba cha shuka kiko wazi.
Alibisha. Alitaja kitanda cha tisa, dripu ya cha kumi na mbili,
bibi wa cha nne anayeita jina la mbwa wake.
Nikarudia yote aliyosema, kwa mpangilio wake.
Ndipo akaenda.

Saa kumi nilipita pale na tochi.
Amelala juu ya mafurushi, viatu miguuni,
mdomo wazi, na uzi wa mate
umeshuka taratibu kwenye foronya ya hospitali.

Sikuukinga.
Kitanda cha nne kiliita, nikaenda.